Kiu Chini ya Sakafu

Kitu cha kwanza kilichomshangaza fundi kilikuwa kipande cha nailoni.

Alikuwa amekibandika jana yake kwenye sakafu ya chumba cha nyuma, kipande kikubwa kama mto wa kulalia, akaziba kingo zake zote kwa utepe ili hewa isiingie. Ndivyo alivyofanya kila alipoitwa kwenye nyumba kuukuu, kabla hajakubali kumwaga epoksi, ile gundi inayoganda na kuwa sakafu ya kung'aa. Sakafu za zamani mara nyingi zimewekwa saruji juu ya udongo mtupu, na unyevu wa ardhini hupanda taratibu. Ukimwaga epoksi juu ya unyevu, baada ya miezi michache itavimba na kubanduka kama ngozi iliyoungua. Kwa hiyo unabandika nailoni, unaenda zako, unarudi kesho. Ukikuta matone yamejishika chini yake, unasubiri. Ukikuta pakavu, unaanza kazi.

Hakukuta tone hata moja. Alikuta nailoni imenyonywa. Ilikuwa imezama ndani ya ufa uliokatiza chumba, imekazwa mpaka imefanya mikunjo pande zote, kama mashavu ya mtu anayevuta juisi ya mwisho kwa mrija. Fundi alipiga magoti, akashika ncha moja, akavuta. Chini nako kukavuta. Hakukuwa na nguvu nyingi, ni kama mtoto anayeng'ang'ania ziwa. Kisha nailoni ikaachiliwa ghafla, na kutoka kwenye ufa ikapanda harufu ya vumbi lililopigwa na tone la kwanza la mvua, na nje jua lilikuwa linawaka.

Watu walimwita Fundi Kioo, kwa sababu walisema mtu anaweza kunyoa ndevu kwa kujitazama kwenye sakafu zake. Alikuwa mtu wa maneno mengi, na wasiwasi wowote uliomjia aliugeuza mzaha. Alipotokea sebuleni alimwambia mwenye kazi kwamba chini ya chumba cha mama yake kuna mtu mwenye mapafu ya kuazima. Yule mwanamke hakucheka. Aliuliza tu kama sakafu itakuwa tayari kabla mama yake hajaruhusiwa kutoka hospitali.

Mwenye kazi alikuwa msusi. Alikuwa na saluni ndogo mtaa wa pili, mimba yake ilikuwa imeingia mwezi wa saba, na mumewe alifanya kazi mbali. Alikuwa akiishi na mama yake katika nyumba hii alimozaliwa. Mama alikuwa ameanguka katika chumba kile cha nyuma na kuvunjika nyonga, na madaktari walishasema atarudi nyumbani kwa kiti cha magurudumu. Sakafu ilikuwa ya saruji nyekundu iliyosuguliwa nta miaka na miaka, sasa imechimbika hapa, imepasuka pale, na yale magurudumu madogo ya mbele yangekwama kila baada ya hatua mbili. Binti alitaka mama yake aweze kutoka kitandani hadi mlango wa mbele bila kumwita mtu. Alimjua. Kuita mtu kungemuumiza kuliko nyonga.

Mama huyo mtaa mzima walimwita Bi Simu. Ujana wake aliumaliza kwenye mitambo ya simu, enzi ambazo mtu akitaka kuongea na ndugu wa mbali lazima apitie kwa opereta, na masikio yake yalizoea kumtambua mtu kwa pumzi tu. Mumewe, fundi saa, alikuwa amefariki miaka kadhaa nyuma katika chumba hicho hicho cha nyuma, kwa homa iliyomkausha mpaka midomo ikawa kama karatasi.

Fundi alieleza mpango wake. Angesaga ile nta kwa mashine mpaka saruji ifunguke, avute vumbi lote, azibe nyufa, apake rangi ya msingi, kisha amwage epoksi na nyumba ifungwe siku nzima bila mtu kukanyaga. Sakafu ni kavu, alisema, kavu kuliko yoyote aliyowahi kupima. Alilisema hilo kwa sauti ya mtu asiyefurahia jibu zuri.

Akaanza kusaga. Aliweka chupa yake ya maji dirishani, kifuniko kimefungwa, na alipoizima mashine chupa ilikuwa tupu. Alifikiri ameinywa bila kukumbuka. Akaijaza, akasaga, ikawa tupu tena, na safari hii plastiki yake ilikuwa imebonyea ndani. Midomo ikaanza kumpasuka. Jasho alilozoea kulifuta kila dakika hakuliona kabisa, ingawa fulana ilikuwa inambana kwa joto. Alipolamba midomo, ulimi ulikwaruza.

Binti naye alikuwa na yake. Maua ya kwenye kopo barazani yalikauka yakiwa bado ya kijani. Ndoo aliyojaza asubuhi ilikuwa nusu alipotoka kazini, na hakukuwa na majimaji pembeni yake. Alianza kuamka na koo linalouma, akanywa, akanywa tena, na kiu ikabaki palepale kana kwamba haikuguswa.

Kisha siku moja alasiri, fundi akiwa amekwenda kununua mawe ya kusagia ya mashine yake, binti alikuwa sebuleni akikunja mataulo ya saluni. Watu husema majini hungoja usiku. Hili halikungoja. Jua lilikuwa limeingia mpaka katikati ya sebule, watoto walikuwa wanapiga kelele barabarani, na kutoka chumba cha nyuma mtu akakohoa, kikohozi kidogo cha kusafisha koo, kisha akasema, "Mwenzangu. Nipe maji."

Binti aliweka taulo chini, akaenda jikoni, akachukua kikombe, akafungua bomba. Alifanya hivyo kama alivyofanya maisha yake yote baba yake alipohitaji kitu, bila kuwaza, na kikombe kilishafika chini ya bomba ndipo akakumbuka kwamba baba alikuwa kaburini. Ilikuwa sauti yake. Lile neno la mwisho lilivutwa kidogo, kama alivyolivuta akiwa amebana skrubu ndogo ya saa kati ya midomo. Binti alitazama kikombe na kukuta bado hakina kitu, kwa sababu maji yaliyotoka kwenye bomba hayakuwa yanaanguka wima. Yalikuwa yamepinda. Yalilala upande, membamba kama uzi, yakielekea kwenye mlango wa korido, na kabla ya kugusa ukuta yalikuwa hayapo.

Hakupiga kelele. Alifunga bomba, akatoka nje na miguu mitupu, akakaa kwa jirani mpaka fundi aliporudi. Jirani huyo alikuwa mshonaji, nyumba yake imepakana ukuta na yao. Alimpa kiti na maji, na binti akayanywa kama mtu aliyetoka jangwani.

Kesho yake alikuwa na siku ya kliniki. Mkunga alimpima, akatulia, akampima tena. Akauliza kama kuna maji yamemtoka. Hapana. Akauliza kama anakunywa vya kutosha. Binti alisema anakunywa mpaka tumbo linauma. Mkunga akamwambia polepole kwamba maji yanayomzunguka mtoto yamepungua sana, na hakuona sababu. Arudi baada ya siku chache, na kama yataendelea kupungua watalazimika kumtoa mtoto mapema.

Kutoka kliniki alipitia wodini kwa mama yake. Alikuwa ameazimia asimwambie, ila alipoketi kando ya kitanda yote yalimtoka: nailoni, chupa, bomba, sauti. Bi Simu alisikiliza akitazama dari. Binti alipofika kwenye maji ya mtoto, mama alifumba macho.

Ndipo akaeleza. Miezi michache baada ya mazishi, alikuwa akifagia chumba cha nyuma na kusikia mumewe akiomba maji kutoka kwenye ufa. Alimwaga kikombe. Ufa ukameza, sauti ikashukuru. Kesho ikaomba tena. Ikawa desturi, kila jioni kikombe kimoja, na baada ya kunywa ile sauti ilikuwa inakaa naye kidogo, inamsimulia mambo ya zamani. Baadaye ikataka jagi. Baadaye ikataka ndoo. Siku aliyoanguka alikuwa amechoka na ameingia bila maji, ili wazungumze tu. Hakuteleza. Kisigino chake kilivutwa.

Alisema kwamba tangu alazwe halijapewa tone. Sasa linajitafutia.

Binti hakujua amkasirikie au amwonee huruma. Alimuuliza kwa nini hakumwambia mtu. Mama akajibu kwamba angemwambia mtu, mtu huyo angemshauri aache.

Jioni hiyo binti alihamia saluni, kwenye kijichumba cha juu alichokuwa akihifadhia mafuta ya nywele. Fundi naye alikuwa na haki ya kuondoka, na binti alimwambia hivyo. Fundi Kioo alikuna kichwa. Alisema amewahi kufukuzwa kazini na wake wa watu, na mbwa, na nyuki, na kufukuzwa na ufa itakuwa aibu ambayo hataweza kuieleza kwao. Lakini aliomba aletwe mtu anayejua mambo haya.

Akaletwa mganga, mtu mzima mwenye sauti ya upole. Aliingia chumba cha nyuma, akafukiza ubani, akaanza kusoma. Fundi alisimama mlangoni. Alisema baadaye kwamba maneno ya mganga yalianza yakiwa mazito na yaliyonyooka, kisha yakawa yanakwama, kisha ikawa inasikika sauti ya ulimi unaobanduka kwenye kaakaa, na mganga akawa anasogeza midomo bila kitu kutoka huku akishika koo lake kwa mikono miwili. Fundi alimtoa kwa kumkokota. Mganga alipopata maji kwa jirani na kuweza kusema, alisema jini ni moto, na moto huu una kiu isiyo na mwisho. Kulitoa hawezi. Shauri lake ni wafanye nalo mapatano. Fundi aweke sakafu yake, lakini pale kwenye ufa aache tundu, dogo tu, la kuingia kidole, na kila siku mtu wa nyumba ile alimwagie maji. Wakifanya hivyo litatulia.

"Mpaka lini?" fundi aliuliza.

Mganga alitazama pembeni. "Nyumba ikiwa na watu, ni mpaka watu waishe."

Bi Simu aliruhusiwa kutoka hospitali wiki hiyo. Binti alikwishamwandalia kitanda saluni, lakini mama alikataa katakata, akataka apelekwe nyumbani kwake. Walipomweleza shauri la mganga, alisubiri kwanza kiti kivuke kizingiti. Kisha akasema kwamba tundu la kidole limeshakuwa tundu la kikombe, na kikombe kimeshakuwa ndoo, na ndoo sasa imekuwa mjukuu wake. Haachi tundu.

Alikuwa mwembamba kuliko alivyoondoka, lakini alipolisema lile fundi alijikuta amesimama wima kama mtoto wa shule.

Siku hiyo hiyo fundi alijaribu kuziba ufa. Alichanganya dawa ya kuzibia, akaifanya laini ili ishuke vizuri, akamimina. Ikapotea. Akachanganya nyingine, ikapotea, na chini akasikia mfano wa koo linalomeza, gu, gu, gu. Kisha kikaja kikohozi. Hakikuwa kile cha kusafisha koo. Kilikuwa cha mtu aliyepaliwa, kikaendelea muda mrefu, na baada yake chumba kikawa kimya mpaka jua lilipozama.

Bi Simu alikuwa koridoni akisikiliza. Alimwita fundi, akamuuliza ile epoksi yenyewe ikoje kabla haijaganda. Fundi akamweleza kwamba ni vitu viwili, gundi na kigumishi, ukivichanganya vinakuwa kimiminika kizito kidogo, na asipotia rangi kinang'aa kama maji ya chupani. Mama akauliza kinaganda kwa muda gani. Fundi akasema kikitandazwa kinachukua siku nzima, ila kikijaa kingi mahali pamoja kinajichemsha chenyewe, kinatoa moshi, kinakuwa jiwe upesi. Ndoo zake mbili zimewahi kuyeyuka hivyo.

"Na huwezi kukirudisha kuwa maji," Bi Simu alisema.

"Hata ukikiomba kwa magoti, mama."

Mama akafikiri. Kisha akasema lazima kwanza jini liwe na kiu ya kutochungulia kikombe.

Wakaikausha nyumba. Fundi alifunga maji kwenye mita, akafungua mabomba yote mpaka yakaacha kudondosha, akatoa nje ndoo, masufuria, chupa ya marashi, hata betri ya zamani iliyokuwa na maji yake. Chakula kilipikwa kwa jirani mshonaji, na Bi Simu alisukumwa mpaka uani kwa jirani kila alipotaka kunywa, kisha akarudishwa. Fundi alimsihi akae huko huko. Alikataa. Alisema akiondoka litamfuata binti yake kwa kiu hiyo. Akikaa, litabaki linamwomba yeye.

Na lilimwomba. Mchana wa kwanza lilikohoa kwa adabu na kuita mwenzangu, mwenzangu, kama mtu anayeona haya kusumbua. Mchana uliofuata likaanza kumkumbusha mambo, siku walipohamia nyumba hii wakiwa na godoro moja na saa za watu kumi na moja kwenye kisanduku, jinsi alivyokuwa akimsubiri nje ya ofisi ya simu akijifanya anapita tu, jinsi binti yao alivyozaliwa mvua ikinyesha, na yote yalikuwa kweli, na sauti ilikuwa ile ile, na Bi Simu alikaa kwenye kiti chake koridoni akiwa ameshika magurudumu mpaka vidole vikawa vyeupe, koo limemkauka, ngozi ya mikono imeanza kuchora mistari kama tope la bwawa lililokauka, na hata machozi aliyazuia, kwa sababu aliona lile la kwanza lilipomtoka liliruka shavuni kabla ya kufika kidevuni na kwenda zake kwenye mlango wa nyuma. Siku zilizofuata adabu ikaisha, likatukana, likalia, likagonga saruji kutoka chini mpaka chembe za mchanga zikaruka, likasema litamkausha binti na kilicho ndani ya binti na kumwachia maganda, kisha palepale likarudi kwa ile sauti ya upole, ya mtu mgonjwa kitandani, ile ya wiki ya mwisho ya homa, ambayo Bi Simu alikuwa hajaisikia tangu siku aliyoifuta midomo ile kwa pamba iliyoloweshwa, na hapo fundi, aliyekuwa amekaa naye, alimwona akisogeza kiti mbele kidogo, akakirudisha, akakisogeza tena.

Fundi aliweka mguu wake mbele ya gurudumu. Wakakaa hivyo.

Siku waliyochagua ilikuwa ya jua kali. Fundi alifungua madirisha yote, akavaa viatu vyake vya misumari anavyotumia kutembea juu ya epoksi mbichi, akampa Bi Simu kinyago kwa ajili ya harufu. Mama alikivaa, kisha akakivua. Alisema anataka asikike vizuri. Fundi alichanganya ndoo ya kwanza mlangoni mwa chumba cha nyuma, taratibu, na ule mchanganyiko ulipoanza kuzunguka na kunasa mwanga ulionekana kweli kama maji mazuri ya kisimani. Alitaka kumimina yeye. Bi Simu alisema hapana, halitapokea kutoka kwake.

Akamsukuma mpaka kwenye ufa, akampakatisha ndoo.

Kisha kutoka chini, karibu sana, kana kwamba midomo ilikuwa imegusa saruji kwa upande wa pili, sauti ikasema, "Mwenzangu. Umeniletea."

Ndoo ilitikisika mapajani mwa Bi Simu. Fundi alikuwa nyuma yake, hakuuona uso, aliona tu shingo nyembamba na nywele za mvi zilizosukwa na binti yake.

"Nimekuletea," alisema. Alisema kama opereta, kila neno mahali pake. "Lakini kabla hujanywa, ujue jambo moja. Miaka yote ya ndoa, mume wangu hakuwahi kuniomba maji. Alikuwa anaamka kujichotea, na ananiletea na mimi. Nilijua tangu kikombe cha kwanza kwamba wewe si yeye. Nilikuwa naitaka sauti tu."

Akaishika ndoo kwa mikono miwili.

"Sasa nimetosheka nayo. Kunywa."

Akainamisha ndoo.

Ufa uliipokea kwa pupa. Fundi aliona ule uzi mnene unaong'aa ukivutwa kutoka kwenye ndoo, ukinyooka, ukienda wenyewe, na gu, gu, gu ikaanza, ya haraka, ya mtu anayekunywa bila kupumua. Ndoo iliisha. Akampa ya pili aliyokuwa ameshaichanganya, ikaenda, akachanganya ya tatu, na ilikuwa katikati ya hiyo ndipo kumeza kukasita. Likameza mara moja zaidi. Likakohoa. Kisha likaelewa, na kiti cha Bi Simu kikavutwa.

Kilivutwa kwa mbele, magurudumu madogo yakaingia kwenye ufa, na fundi alikumbatia kiti pamoja na mama aliyekuwamo na kujiegemeza nyuma, misumari ya viatu vyake ikichimba kwenye saruji na kuacha mifereji, huku midomo ya wote wawili ikipasuka na damu ikikauka kabla haijatiririka, na chini yao joto likaanza kupanda, kwanza kama la pasi, kisha kama la tanuri, na kutoka kwenye ufa ukatoka moshi mweupe wenye harufu kali, na ile sauti ikawa inajaribu sauti baada ya sauti, ya mumewe, ya mtu wasiyemjua, ya mtoto, ya mwanamke anayecheka, kila moja ikianza neno na kushindwa kulimaliza, kila moja nzito kuliko iliyotangulia, mpaka ikabaki ma, ma, ma, na Bi Simu, ambaye kichwa chake kilikuwa kimelala begani kwa fundi, alikuwa bado ameshika ndoo na bado anamimina.

Kitu kikapasuka chini, kama bilauri nene. Kiti kikaachiliwa, wakaanguka wote wawili kwa nyuma.

Ufa ulikuwa umejaa mpaka juu. Fundi aliugusa kwa kidole baada ya muda. Ulikuwa wa moto, na mgumu kama kioo, na kwa mara ya kwanza tangu aingie nyumba ile aliona jasho likimtiririka mkononi na kudondoka sakafuni na kubaki pale, tone zima.

Alimaliza kazi kama alivyopanga. Alipaka rangi ya msingi, akamwaga epoksi ya kijivu kutoka chumba cha nyuma hadi mlango wa mbele, akaitandaza kwa reki yake ya meno, akapitisha rola ya miiba kutoa mapovu, akafunga nyumba. Bi Simu alilala saluni na bintiye mpaka sakafu ilipokauka na harufu kuisha. Kliniki, mkunga alipima, akapima tena, akatabasamu, akasema maji ya mtoto yamerudi na yeye hajui yalikuwa wapi. Binti alilia njia nzima kurudi, na hakuyafuta machozi, aliyaacha yashuke.

Asubuhi waliyorudi, fundi alikuwa anapakia vifaa kwenye mkokoteni nje ya geti. Ndani, Bi Simu alikuwa amejisukuma mara kadhaa kutoka kitandani hadi mlangoni na kurudi, akisema ni kwa ajili ya mazoezi. Hakuna kilichogonga. Hakuna kilichoita. Alikuwa amekiri kwa binti yake, kwa sauti ndogo, kwamba kimya cha chumba cha nyuma ni kirefu kuliko alivyotegemea, na binti akamshika mkono.

Hapo jirani mshonaji akatokea mlangoni. Alikuwa na sindano bado imechomekwa kwenye nguo, kifuani. Alipomwona Bi Simu ameketi pale, mzima, alirudi nyuma hatua moja na kushika fremu ya mlango. Midomo yake ilikuwa imepasuka.

Alimuuliza Bi Simu tangu lini yuko hapo. Bi Simu akasema tangu waliporudi. Jirani akasema haiwezekani, kwa sababu yeye ametoka jikoni kwake sasa hivi, na amekimbia akidhani ameanguka tena, maana amemsikia wazi kabisa, chini ya sakafu yake ile ya zamani, karibu na ukuta waliopakana, akiomba maji.

"Umemsikia nani?" binti aliuliza, ingawa alikuwa ameelewa.

"Mama yako."

Fundi alikuwa amesimama getini na ndoo ya mwisho ya epoksi mikononi, ambayo haijafunguliwa. Bi Simu aliinamisha kichwa kama alivyokuwa akifanya zamani, visikizi vya mitambo ya simu masikioni, akitafuta mtu kwenye laini yenye kelele. Kupitia ukutani, mbali, hafifu, mwanamke alikohoa kwa adabu.

"Sauti ya mume wangu ilinishinda miaka," alisema Bi Simu. "Hii ni yangu mwenyewe, haina la kunidanganya. Fundi, rudi na hiyo ndoo."